Samadi ya farasi imeninyong'onyeza chainizi: nifukue au nisubiri?

MamaTuta

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na anayekuja kucheka acheke kwanza halafu anisaidie.

Nipo Arusha, Njiro. Nyuma ya nyumba nina matuta manne, kila moja urefu hatua sita. Mwaka wa tatu huu nalima mchicha, chainizi, mnafu na nyanya kidogo. Tunakula, kinachobaki nauza mafungu getini. Siku zote natumia samadi ya ng'ombe ya bwana mmoja anayeileta na kirikuu kutoka upande wa Monduli. Mwaka huu kapandisha bei mpaka nikahisi ananiuzia na ng'ombe mwenyewe.

Shemeji yangu ni fundi umeme. Alikwenda kufunga taa kwenye zizi moja la farasi njia ya Moshi, akarudi na habari kwamba nyuma ya mabanda kuna mlima wa samadi na wenyewe wanatafuta mtu wa kuwaondolea. Bure. Nikaenda, kweli mlima. Nikajaza viroba 14, gharama yangu ikawa kirikuu tu. Ilikuwa nyepesi, kavukavu, madonge yamechanganyika na maranda, haina ile harufu ya banda la kuku inayokutoa machozi. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikaimwaga yote kwenye matuta mawili, nikachanganya kwa jembe, siku ya nne nikahamishia miche ya chainizi.

Leo ni wiki ya tatu. Chainizi ya tuta nililoweka masalia ya samadi ya ng'ombe ina majani ya kufunika sahani. Ya kwenye farasi imedumaa, jani halizidi kijiko, na yale ya chini yamekuwa njano kama ganda la ndizi. Halafu tuta zima limeota nyasi ambazo sijawahi kuziona hapa kwangu. Jirani anasema mavi ya farasi ni sumu, ndiyo maana hata Wamasai wana ng'ombe na punda lakini farasi hawana. Hoja yenyewe mnaiona.

Nifukue nitupe, au nisubiri?

Kijiweni

Pole mama. Ila mimi nataka kujua viroba 14 vya mavi umevipitishaje Njiro watu wakikuangalia.

MamaTuta

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu. Haya umeshacheka, nisaidie sasa.

DukaLaPembejeo

Hiyo ni naitrojeni imepungua, hamna kingine. Weka Urea kijiko kimoja cha chai kwa kila mche, sentimeta 10 kutoka shinani, fukia, mwagilia. Baada ya wiki utaniambia. Samadi za kuokota ndiyo hasara zake.

Saisi_Mstaafu

Mama, nimekuwa saisi miaka 19, nimeanzia Nairobi pale uwanja wa mbio wa Ngong Road, nikamalizia hapa Arusha. Kama kuna asiyejua, saisi ndiye anayeamka saa kumi na moja kuchambua malalio ya farasi wakati mwenye farasi bado amejifunika. Hakuna kitu nilichokibeba kwa toroli maishani zaidi kuliko mavi ya farasi, na shamba langu la mboga hapa Usa River limelishwa kwa hayohayo. Si sumu.

Kabla sijasema zaidi nijibu. Hayo majani ya njano ni ya chini tu, au na yale machanga ya juu? Yale machanga yamejikunja au yamenyooka? Na ulipokuwa unajaza viroba ulichota upande gani wa mlima: pale toroli linapopandia, au nyuma?

MamaTuta

Shikamoo mzee wangu. Njano ni ya chini tu. Ya juu ni madogo, kijani kilichopauka, yamenyooka. Nilichota mbele kabisa, kulikuwa na ubao wa kupandishia toroli, pakawa rahisi.

Saisi_Mstaafu

Marahaba. Basi nimeshaelewa.

Mlima wa samadi una umri. Pale penye ubao wa toroli ndipo pa jana na juzi. Ukizunguka nyuma, chini kabisa, unakuta tabaka jeusi, linamong'onyoka, ukilishika huoni donge wala randa. Hilo lina mwaka. Umebeba ya juzi, tena bila kukuudhi mama, ulichobeba zaidi ni maranda, mavi yalikuwa kidogo.

Iko hivi. Farasi mmoja mkubwa anatoa kama kilo 20 za mavi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Banda analolala linawekwa maranda yanyonye mkojo. Asubuhi saisi mwenye moyo anaokota madonge kwa uma, anakung'uta maranda yabaki, anaondoa palipolowa tu. Saisi mwenye haraka, au aliyepewa farasi kumi peke yake, anakomba kila kitu. Ukikuta samadi nyepesi hivyo, ya kubeba kiroba kwa mkono mmoja, jua imekombwa.

Sasa kwa nini chainizi ikawa njano. Vijidudu vinavyoozesha vitu ardhini vinakula kama sisi, vinataka ugali na mboga. Maranda ni ugali mtupu. Naitrojeni ndiyo mboga. Umeviwekea sinia la ugali wa viroba 14 bila mboga, vikafanya ambacho angefanya mgeni yeyote mwenye njaa, vikaingia jikoni kwako. Naitrojeni yote iliyokuwa kwenye udongo wako vimeichukua, mche haukupata kitu. Mmea ukikosa naitrojeni unainyonya kutoka kwenye majani yake ya zamani unapeleka kwenye machanga, ndiyo maana njano inaanzia chini. Mavi ya farasi peke yake hayana shida hiyo, yana mboga yake ya kutosha. Maranda ndiyo yaliyokuponza.

Kwa hiyo mwenzangu wa duka hajakosea, Urea itasaidia. Ila mimi nisingenunua. Chukua samadi ya kuku ndoo moja, loweka kwenye maji ndoo kumi, funika siku saba, koroga kila asubuhi. Chuja, ongeza maji hadi iwe rangi ya chai ya rangi, mwagia shinani, jani lisiguswe. Mara moja kwa wiki. Usifukue chochote. Vijidudu vikimaliza ule ugali vitakurudishia na mboga yenu, lakini hiyo ni kazi ya miezi.

Nyasi: farasi hacheui. Ng'ombe anachokula kinapita tumbo lenye vyumba vinne na kinarudi mdomoni kutafunwa tena, mbegu nyingi zinafia humo. Kwa farasi mbegu inapita kama abiria wa basi la moja kwa moja, inashuka Njiro ikiwa hai. Zing'oe sasa hivi kabla hazijatoa mashuke, na uangalie chini kama ni ukoka, maana ukoka ukiachwa mizizi utaulaani mpaka wajukuu.

Kijiweni

Mzee umenifanya niwaonee huruma vijidudu.

Mbeba_Mwavuli

Habari kutoka Reading, Uingereza. Mimi ni mtu wa Morogoro lakini nina kipande cha bustani hapa, vile viwanja ambavyo halmashauri inakodisha kwa wananchi kwa mwaka. Huku samadi ya farasi ndiyo samadi ya mjini. Unapita barabarani unakuta mifuko imepangwa getini, imeandikwa bure, au kuna kopo unatumbukiza sarafu.

Mzee amefafanua vizuri sana, lakini naomba niongeze kitu kilichotutoa machozi huku. Mwaka 2008 wakulima wa bustani nchi nzima waliona nyanya, maharage na viazi vinajikunja, majani machanga yanakuwa membamba yamejiviringa kama jimbi linalochipua. Ikagundulika kuna dawa ya kuua magugu inaitwa aminopiralidi, inapigwa kwenye malisho. Nyasi haidhuriki, farasi haidhuriki, inapita tumboni mwake ilivyo, inakaa kwenye mavi, na hata ukirundika samadi inachelewa sana kuisha. Mwezi Julai mwaka huohuo uuzaji wake ukasimamishwa, ukarudishwa baadaye kwa masharti. Kuna ndugu zake pia, klopiralidi na pikloramu, tabia ni ileile.

Mimi iliniharibia nyanya msimu mzima, samadi nilipewa na mtu mwema kabisa ambaye majani ya farasi wake alinunua kwa mtu mwingine, naye hakujua. Kwa hiyo mama uliza: hao farasi wanakula majani ya wapi, na shamba hilo lilipigwa nini?

Saisi_Mstaafu

Hilo ni kweli. Huku majani makavu mengi yanatoka West Kilimanjaro na mabua ya ngano yapo, nani alipiga nini hakuna anayemwandikia saisi. Lakini kwa mama dalili siyo hizo, machanga yake yamenyooka.

Mbeba_Mwavuli

Mzee hapo ndipo penye mtego. Chainizi na kabichi zinaivumilia dawa hiyo. Klopiralidi inapigwa kwenye mashamba ya kabichi makusudi. Chainizi inaweza kunyooka na tuta likawa na dawa. Akija kupanda nyanya hapo ndipo atakapolia.

Usiulize chainizi, uliza maharage. Chukua makopo sita. Matatu weka udongo wa kawaida, matatu weka udongo nusu na ile samadi nusu. Kila kopo mbegu tatu za maharage. Weka sehemu moja yenye mwanga, mwagilia sawa, na usiweke visahani chini, maana maji yakitoka kopo hili kwenda lile jaribio limeharibika. Subiri wiki tatu, mpaka uone majani matatumatatu yametoka mara mbili au tatu. Yakitoka yamejikunja kama kikombe kwenye makopo ya samadi tu, umepata jibu. Yakiwa njano lakini yamenyooka, hiyo ni hadithi ya mzee ya ugali.

Saisi_Mstaafu

Sikulijua hilo la kabichi. Nimekubali. Mama panda maharage.

Nesi_wa_Zamu

Mimi si mkulima lakini kwenye picha uliyoweka nimeona mtu anachota samadi ya farasi amevaa malapa. Dada yangu, ugonjwa wa pepopunda jina lenyewe limemtaja punda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye utumbo wa farasi na punda, vinatoka na mavi, vinakaa ardhini miaka. Vinakungoja uchomwe na mwiba au msumari wa pale zizini. Vaa viatu vya kufunika, na jeraha lililo wazi lifunge kabla hujashika uma. Kama una watoto wakubwa, yawezekana chanjo yako ya mwisho ni ile uliyochomwa kliniki ukiwa na mimba. Hesabu miaka.

Na unauzia watu mboga. Mchicha unapikwa, sawa. Kotimiri, saladi na karoti watu wanatafuna mbichi. Wakulima wa kilimo hai Marekani wana kanuni: samadi mbichi ikiwekwa, mboga inayogusa udongo haivunwi kabla ya siku 120, isiyogusa siku 90. Hapa hakuna wa kukukagua, lakini tumbo la mteja wako ni lilelile.

MamaTuta

Malapa ni ya shemeji, mimi nilivaa mabuti ya mvua. Nimemfikishia. Chanjo ya mwisho ni ya kitinda mimba, ana miaka 16. Nimenyamaza kidogo hapa.

Mzee, nikienda kubeba tena nifanyeje? Nyuma ya mlima panaonekana, lakini kuna tope gari haifiki.

MwanaAmu

Salaam kutoka Lamu. Huku kwetu magari ni ya kuhesabu, vichochoro havipitishi, mizigo yote ni punda, basi mavi ya punda hatutafuti, yanatutafuta. Na punda ni ndugu ya farasi, naye hacheui, mbegu nyingi hutoka nzima. Marehemu babu yangu alikuwa na shamba la minazi, mchanga mtupu, ukimwagia maji yanapotea kama umemwaga baharini. Alikuwa akikusanya mavi ya punda katika shimo chini ya mwembe, akifunika kwa makuti, akimwagia maji ya kuoshea samaki. Akiliacha mpaka mwaka uzunguke. Alipolifukua lilikuwa jeusi na halina harufu yoyote, na mibilingani yake watu walikuwa wakija kuiangalia tu. Hakuwahi kutia mavi mabichi, akisema mabichi ni ya kufukuzia mbu, uyachome.

Saisi_Mstaafu

Babu yako alikuwa anajua. Maji ya samaki ndiyo mboga yenyewe.

Mama, ukienda tena usimtafute mwenye farasi. Yeye atakwambia chukua unachotaka, basi. Mtafute saisi, mpelekee soda na maandazi, mwambie unataka ya malishoni. Farasi wakitolewa nje mchana wanakunya kwenye majani, na yale lazima yaokotwe kwa sababu ya minyoo. Yale hayana randa hata moja, ni madonge matupu. Mwambie akuwekee pembeni, viroba vyake umwachie. Baada ya wiki mbili unarudi unakuta vimejaa na vimefungwa. Na tope la nyuma, Julai litakauka.

Ukifika nyumbani usimwage kwenye tuta. Rundika. Upana mita moja na nusu, urefu hivyohivyo, kwenda juu usawa wa kifua. Ndogo kuliko hapo haipati joto. Kama ina maranda, kila unapoweka tabaka la samadi weka na la majani mabichi, magugu ambayo hayajazaa, na samadi ya kuku kidogo. Mwagia maji kila tabaka. Kamata konzi, minya kwa nguvu: likitoka tone moja mawili ni sawa, yakitiririka umezidisha, lisipotoka hata moja ongeza. Funika kwa majani ya mgomba au turubai, mvua ikipiga moja kwa moja inaondoka na utamu wote.

Halafu chomeka nondo katikati, iache humo. Siku ya tatu ichomoe, shika ile sehemu iliyokuwa ndani. Ukiweza kuishikilia huku unasalimiana na mtu, lundo halijawaka. Ukiiachia haraka na kupuliza vidole, ndiyo joto linaloua mbegu. Likianza kupoa geuza, ya nje iende ndani, maana mbegu za pembeni hazijaungua. Mimi hugeuza mara tatu au nne, kila baada ya siku kumi hivi, halafu naliacha likae. Jumla miezi mitatu, kwa baridi ya huku wakati mwingine minne. Likiwa tayari haliwaki tena hata uligeuze.

Usirundike ukutani kwa jirani. Inzi watakuwepo wiki ya kwanza na yeye tayari ana maoni yake.

DukaLaPembejeo

Mzee unaniharibia biashara lakini endelea.

MamaTuta

*(wiki ya saba)*

Wakuu nimerudi, maana nachukia watu wanaouliza wakasaidiwa wakapotea.

Maharage: makopo yote sita yameota. Mbegu moja kuku aliiparua. Ya udongo mtupu na ya samadi majani ni bapa, hakuna lililojikunja. Ya samadi yamepauka kuliko mengine, yaani ugali wa mzee. Nimewapigia picha, Mbeba_Mwavuli ziangalie kwa jicho lako wewe uliyeumia.

Chainizi: nilimwagia maji ya kuku mara tatu. Jirani alilalamika siku ya kuchuja, ana haki. Wiki ya pili jani jipya lilitoka kijani kibichi kabisa, yale ya njano hayakurudi, nikayachuma nikawapa kuku. Nimevuna, siyo kama ya tuta la ng'ombe, lakini nimevuna. Nyasi nilijaza toroli tatu. Ukoka haukuwepo, nilichimba kuhakikisha.

Lundo: nimerudi kwa saisi na soda mbili na maandazi ya elfu mbili. Viroba tisa vya malishoni. Kirikuu kilekile. Uzito wake sasa! Kimoja tulikibeba watu wawili. Nimerundika katikati ya uwanja kama ulivyosema. Siku ya tatu nikachomoa nondo, nikaikamata kwa kujiamini, nikairusha mpaka kwenye mchicha. Mnajua baridi ya Arusha mwezi wa saba. Juzi alfajiri nimefunua nigeuze, moshi mweupe ukapanda mpaka juu ya paa. Jirani akatokea na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua, yuko na khanga na soksi. Nikamwekea mkono wake juu ya lundo. Akasema, "Lina homa hili."

Chanjo nimechoma.

Mbeba_Mwavuli

Nimeziangalia picha, zote safi. Panda nyanya bila hofu. Ila mzigo ule wa pili nao upimie maharage yake, malisho si lazima yawe yaleyale.

MamaTuta

Nitafanya. Swali la mwisho mzee, leo asubuhi lundo limeota uyoga, vichwa virefu vyeupevyeupe kama mayai, vingi, vinapendeza. Shemeji anauliza kama vinaliwa.

Saisi_Mstaafu

Mwambie aache. Hata kuonja. Ule ni uyoga wa samadi, kesho utaukuta umeyeyuka umekuwa wino mweusi. Chukua uma uchanganye humohumo.

MamaTuta

Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Umeshaanza kuwa wino.